Jibu kwa aliyempangia kijana chumba Mbagala, kijana akarudi kulala stendi

Mkuu mleta mada, swali lako, kwa nini mtu umpangie chumba halafu arudi kulala nje, nimelisoma mara mbili kwa sababu niliwahi kujiuliza hilo hilo. Kwa waliochelewa: mwenzetu na rafiki zake watatu walichangishana wakamtoa kijana wa miaka kama 24 aliyekuwa analala kwenye vibanda vya stendi. Wakampangia chumba Mbagala, kodi ya miezi sita, godoro, jiko la mkaa, sufuria mbili na ndoo. Mwezi wa pili haujaisha, kijana karudi stendi, na wao wamefunga chumba kwa kufuli jipya. Sasa wanalaumiana, na mmoja wao kaandika kwamba "hawa watu wameshazoea, hata umpe ghorofa atarudi barazani."

Mimi ni fundi cherehani, kijiwe changu kiko Tandika, Dar es Salaam. Si ofisa ustawi na sina shirika. Mwaka 2016 majirani na wateja saba tulianza kuchanga elfu tano tano kila wiki kwa ajili ya kijana aliyekuwa analala kwenye baraza la duka linalotazamana na cherehani yangu. Mpaka leo tumepangia watu 19. Kumi na wawili wana makazi yao, baadhi yao wamehama wenyewe na kujilipia kwingine. Wawili wamefariki. Watano wametupotea, na katika hao watano angalau watatu kosa lilikuwa letu. Elimu yangu ni hiyo tu, kwa hiyo soma ukijua unasoma maneno ya fundi.

Kabla ya kusema kijana amekataa msaada, muulize alikuwa analalaje. Kijana wetu wa kwanza tulimtembelea wiki ya pili, tukamkuta macho mekundu kama pilipili. Godoro limeegeshwa ukutani, nailoni yake haijatolewa. Analala sakafuni, kichwa kikielekea mlangoni, na mlango kauacha wazi kiasi cha kupitisha mkono. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Fundi, humu kimya sana. Kule nikisikia wenzangu wanakoroma najua hakuna anayekuja."

Yule alikuwa amelala na watu miaka tisa. Wanne, watano, mbavu kwa mbavu, na kila usiku kuna mmoja analala kwa jicho moja kwa niaba ya wengine. Sisi tulijisifu kwamba tumempa utulivu, kumbe tumemnyang'anya walinzi wake wote kwa siku moja. Tulimnunulia redio ndogo ya elfu kumi na mbili ikawa inaongea usiku kucha. Jirani wa ukuta wa pili alilalamika, tukaenda kumwomba radhi, tukakubaliana sauti iwe ya chini. Ilichukua miezi mitatu kabla godoro halijashuka ukutani. Nailoni nayo ilikaa karibu mwaka.

Kosa letu jingine lilikuwa kumkataza marafiki. Tulimwambia asionekane tena na wale wa barazani, wasije wakamrudisha. Ukifikiri vizuri, hawa ndio waliompeleka hospitali alipogongwa na bodaboda, ndio waliomfichia hela zake. Unamwambia mtu uchague kati ya paa na ndugu, halafu akichagua ndugu unamwita mkaidi. Siku hizi sharti letu ni lile lile la wenye nyumba: mgeni aage kabla ya saa nne usiku, na chumba si cha kulala watu sita. Ndani ya hapo amkaribishe amtakaye. Wa kwetu alianza kupika ubwabwa Jumapili mchana kwa wenzake watatu. Mmoja wa hao watatu ndiye aliyekuwa mpangaji wetu wa nne.

Halafu angalia chumba kiko wapi. Kwenye maelezo yako sijaona ukisema kijana anafanya kazi gani na wapi. Kama anabeba mizigo stendi kuanzia saa kumi alfajiri, Mbagala ya ndani huko atatokaje? Sisi tulimpeleka mtu Chamazi kwa sababu vyumba vilikuwa rahisi. Alikuwa ameacha unga na anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu asirudie unga, ile huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, yeye akiipatia Temeke. Wakati ule dozi unainywa kila siku mbele ya muuguzi, Jumapili haina likizo, sikukuu haina likizo. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na mtu hana kazi. Tukawa tunampa nauli, siku tukichelewa anatembea. Mwezi wa tatu akaanza kulala jirani na kliniki ili asubuhi asikose dozi. Watu wakasema karudia mtaani, wakati yeye alikuwa anakimbiza uhai wake. Tulipomtafutia chumba kidogo zaidi, ghali kwa elfu kumi, lakini cha kutembea kwa mguu hadi kliniki, aliacha kulala nje wiki ile ile.

Mchangiaji wa juu ameleta habari za Ufini, kwamba tangu 2008 serikali yao imeweka utaratibu wa kumpa mtu nyumba kwanza, mambo ya kazi na tiba yafuate. Nakubaliana naye. Ila aendelee na sehemu inayofuata: kule mkataba wa pango unaandikwa jina la mpangaji mwenyewe, na kuna mtu wa kumsaidia anayeendelea kuwa naye. Mkuu, mkataba wenu wa Mbagala umeandikwa jina la nani? Nina hakika ni la mmoja wenu.

Wa kwetu uliandikwa jina langu. Matokeo yake mama mwenye nyumba alikuwa hamjui mpangaji wake, ananijua mimi. Bomba likiachwa wazi napigiwa simu: "Fundi, mtu wako kamaliza maji." Akichelewa kurudi: "Fundi, mtu wako huyu." Hilo neno "mtu wako" likikaa mdomoni mwa wapangaji wenzie, mtu hawezi kuwa wa pale, atabaki mzigo uliohifadhiwa pale na mtu mwingine. Tukabadilisha. Mkataba jina lake, na hela ya kodi hata kama ni yetu anaipeleka yeye kwa mkono wake na kupokea risiti yake.

Na hapo kwenye kodi pana mtego ambao unaua wengi mwezi wa saba, na nyinyi bado hamjaufikia. Mnalipa miezi sita ya kwanza, mnapongezana. Miezi sita ikiisha mwenye nyumba anataka sita mingine. Chumba cha elfu arobaini na tano ni laki mbili na sabini kwa mkupuo, kwa mtu anayeishi kwa hela ya siku! Hana, anaona aibu, anaondoka usiku kimya kimya kabla hajafukuzwa. Wawili kati ya wale watano waliotupotea walipotea hivyo hivyo. Siku hizi tunaanza mwezi wa kwanza: kila jioni akitoka kibaruani anapita kwenye cherehani ananiachia elfu moja na mia tano, naandika kwenye daftari, na yeye anaweka alama yake. Kwa mwezi ni elfu arobaini na tano kamili. Siku aliyokosa naandika sifuri, simsemi. Nikiona sifuri nne mfululizo nafunga cherehani mapema nakwenda kumwona. Daftari hilo limenisaidia kujua nani anaumwa kuliko simu yoyote.

Usiniulize kwa nini hela hizo wasiweke kwenye simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, watu wetu karibu wote walikuwa hawana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa inayotakiwa kusajili laini. Cheti cha kuzaliwa hana, mzazi hamjui, kata aliyozaliwa anakumbuka jina la mto tu. Tulizunguka na viapo na barua za serikali ya mtaa, mmoja ilimchukua mwaka na nusu. Ukiwa na chumba hiyo barua ya utambulisho ni rahisi kuipata kuliko ukiwa barazani, kwa hiyo itumieni nafasi hiyo mapema. Mpelekeni kijana kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, ajieleze mwenyewe, nyinyi mkae nyuma. Uzururaji bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Wa kwetu mmoja alikamatwa saa sita usiku akitoka kuwasalimia wenzake wa zamani. Kilichomtoa ni kwamba mwenyekiti alipigiwa simu akasema, namfahamu, ni mkazi wangu.

Akijieleza lakini, aseme anachotaka kusema. Dada mmoja tulimharibia kwa wema. Tulimsimulia mama mwenye nyumba habari zake zote ili amhurumie. Ndani ya wiki nyumba nzima inajua alikuwa analala wapi na alikuwa anakula nini, na kila khanga ikipotea kwenye kamba wanamtazama yeye. Aliondoka bila kuchukua hata vyombo. Nikikumbuka hilo naona haya mpaka leo.

Sasa niseme la wale wawili waliofariki, kwa sababu mmoja ndiye aliyenibadilisha. Alikuwa mtu mzima, mpole, kodi imelipwa, hana ugomvi na mtu. Alikaa ndani amekufa siku mbili bila mtu kujua. Nyumba ya vyumba nane, choo kimoja, watu wanapishana kwenye korido asubuhi na jioni, na hakuna aliyejiuliza mbona hajatoka. Hawakuwa watu wabaya. Hakuwamo kwenye hesabu yao tu. Zamu ya kufagia choo tulikuwa tumewaambia wasimpangie, mgonjwa. Hela ya LUKU, yaani ya umeme, tulikuwa tunamlipia sisi moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Tulimwondolea kila kitu ambacho kingemfanya mtu agonge mlango wake.

Kwa hiyo siku hizi sisi tunafanya kinyume. Zamu ya choo apangiwe. LUKU achangie, na ugomvi wa LUKU augombane mwenyewe. Kuna siku nilipita kumwona kijana wa kwanza nikamkuta koridoni anabishana kwa sauti na jirani mwenye friji, eti watoe elfu tatu sawa sawa wakati yeye ana taa moja na redio. Jirani anamjibu, "Na simu unachaji kwa nani?" Zamani ningeingilia. Safari hiyo niligeuza nikarudi zangu. Kesho yake nasikia wamekubaliana mwenye friji atoe elfu tano.

Na kuna msiba. Mwaka 2019 mama wa vitumbua wa nyumba ya jirani alifiwa na mama yake. Kijana alibeba viti, akafunga turubai, akachota maji madumu sijui mangapi, hakuna aliyemtuma. Jioni akaja kwangu anataka kukopa elfu mbili. Nikamwambia usijali, nitakutolea nikifika. Akakataa. "Fundi, ukitoa wewe wataandika jina lako."

Nikamkopesha. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na yule mzee wa daftari la rambirambi alipofika. Mzee akaandika jina lake, akainua kalamu, "Wa wapi wewe?" Kabla hajajibu, jirani yule wa friji akadakia: "Huyu wetu, chumba cha nyuma." Mzee akaandika, chumba cha nyuma, 2,000. Ile elfu mbili alinirudishia kwa mia tano tano.

Mwezi uliofuata alishikwa na malaria. Nilipata habari siku ya tatu, nikakimbia na dawa na machungwa, nikakuta kuna chupa ya uji mlangoni na mama wa vitumbua ananiuliza nimetoka wapi muda wote huo.

Mkuu, kodi yenu ina miezi minne bado, msirudishe chumba. Nenda stendi peke yako, wale watatu waache nyumbani, hasa yule wa ghorofa. Kanywe chai na kijana, usimuulize kwa nini aliondoka mpaka akwambie mwenyewe. Muulize anapata kibarua wapi na saa ngapi. Kama Mbagala ni mbali, ongeeni na mwenye nyumba mhamishe kodi iliyobaki kwenye chumba cha karibu na kazi yake, wengine huwa wanakubali ukiwaletea mpangaji mwingine. Na ufunguo wa hilo kufuli mpe, hata kama atakaa nao mfukoni wiki mbili bila kwenda. Wa kwetu mmoja alikaa nao mwezi mzima. Ukikwama nitumie ujumbe, nina redio moja ya akiba hapa kijiweni.