Hebu kavichukue hivyo viatu kwanza

Mdogo wangu wa Watamu, hapana. Usifanye hivyo. Umeandika ati umepata kazi ya hoteli, mshahara 21,000, ukanunua viatu vya 1,800 ukakesha macho wazi ukihisi umemwibia mama yako, asubuhi ukavirudisha dukani, na sasa unataka kuingia kwenye huo mtindo wa mwaka mzima bila kujinunulia chochote, kila shilingi iende akiba. Ukauliza pia bajeti upangeje. Nitakujibu, lakini kwanza hili la mwaka mzima, maanake nimelifanya mimi hapa Malindi na likanila 61,000.

Ilikuwa Januari 2019. Nilikuwa laundri kwenye hoteli moja ya ufuoni, 19,500 kwa mwezi, mume wangu anaendesha tuktuk ya watu. Ikaja semina ya pesa, kiingilio 500, akasimama bwana mmoja na suti akatuandikia ubaoni, soda ya 50 kila siku ni 18,250 kwa mwaka. Hesabu ni sawa, sibishani nayo. Lakini akaendelea, akasema kila shilingi unayoila ni tofali umeliiba kwenye nyumba yako. Wanawake tulikuwa wengi mle ndani, wauza mahamri, wafua nguo, tukainamisha vichwa kama tuliofumaniwa. Mpaka leo nikimkumbuka yule mtu hasira zinanipanda. Watu wanaokula nyama Idd na harusini ndio wa kuambiwa ni wezi? Na hakumuuliza hata mmoja wetu mwezi wa tano anaishije! Huku kwetu pesa inakuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi wageni wamejaa, Waitaliano mpaka vichochoroni, Pasaka ikipita masika yanaingia, hoteli kibao zinafunga, na wewe wa msimu unarudi nyumbani kungoja mwezi wa saba. Anayefundisha pesa Malindi na hajauliza habari ya mwezi wa tano hajui anachofundisha, na 500 zetu alichukua.

Basi nikaapa mwaka mzima sijinunulii kitu. Kila mwezi 7,000 ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, ya kununulia ploti. Mwisho wa mwezi mimi na mume wangu tunahesabu pamoja, yeye ameshika tochi ya simu, mimi napanga noti juu ya mkeka. Miezi minne, 28,000. Mwezi wa tano hoteli ikafunga, Ramadhani ikaingia, na Idd ikaangukia mwanzo wa mwezi wa sita. Dera langu limepauka mabegani, viatu vimetoboka penye kidole gumba. Nikaenda sokoni kununua nazi na hiliki, nikapita duka la kanga. Sikusimama. Nikarudi nyumbani, nikafungua mkebe, nikatoa 4,000, nikarudi mjini karibu na kukimbia kabla roho haijageuka. Doti ya kanga 1,200, viatu 2,800 duka la pili, dakika kumi zote zimeisha. Na ujue sikununua kwa raha, nilinunua kama mtu aliyebanwa na njaa anavyokula amesimama.

Njiani aibu ikanishika, nikaona kila anayepita anaangalia mfuko wangu. Sikuviingiza ndani. Nilivipeleka kwa jirani akaviweka chini ya kitanda chake, na kile kipande cha kanga cha juu kimeandikwa Siri ya mtungi aijuaye kata. Idd nikaswali na lilelile dera lililopauka.

Sasa sikiza, hapa ndipo penyewe. Mwisho wa mwezi tutahesabu na mkebe umepungua 4,000. Neno moja tu kwa mume wangu lingetosha, sikulisema. Nikafungua simu nikakopa 4,000 kwenye apu moja, nirudishe 4,600 baada ya siku 30, nikaitia mkebeni, nikalala vizuri usiku mmoja. Siku 30 zikafika hoteli ndio kwanza inafungua na mshahara bado, nikakopa apu ya pili nilipe ya kwanza, na kwa kuwa walinipa 7,000, ile iliyobaki nikaitia mkebeni mwezi usipite mtupu. Umeelewa nilichokuwa nafanya? Nilikuwa nakopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwezi ili niweke akiba ambayo haizai hata senti moja! Na nikaendelea, ya tatu ikalipa ya pili, ya nne ikalipa ya tatu, mkebe unanenepa, mume wangu ananisifu mbele ya mama yake ati mke wangu ana mkono wa kuweka, na kila akinisifu mimi naenda jikoni kukoroga chungu ambacho hakihitaji kukorogwa. Cheka ukitaka, mdogo wangu, lakini wewe umeshakesha kwa viatu vya 1,800, ndivyo inavyoanza.

Machi 2020 korona ikaingia, ndege za wageni zikasimamishwa, hoteli ikatutoa sote ndani ya wiki moja. Nikakaa nikapiga hesabu, apu nne nadaiwa 38,400, mkebe una 61,000. Nikachelewa siku tatu tu, simu zikaanza, tena si kwangu. Walimpigia mavyaa wangu. Walimpigia mwalimu wa madrasa wa mwanangu, kwa sababu namba yake ilikuwemo kwenye simu yangu, wakamwambia fulani ni mwizi. (Siku hizi kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na zimekataza kuwapigia ovyo watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Likikupata lalamika, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.)

Usiku ule nikamwambia mume wangu yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu hata deni hakuliuliza, aliuliza, “Ni kwa ajili ya kanga na viatu?” Nikasema ndio. Akaniambia, “Mama watoto, mimi kila jioni nakunywa kahawa na kashata pale barazani. Uliwahi kuniuliza lini?” Sikuwahi. Haikuwahi hata kunipitia kichwani, kwa sababu anainywa mbele za watu na anarudi nyumbani na harufu yake mdomoni. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia pesa. Tukalipa 38,400, ikabaki 22,600, tukaila mpaka ikaisha, na habari ya ploti ikaishia hapo.

Kwa hivyo mimi nina jambo moja tu na nitalirudia mpaka unielewe: fungu lako la roho, yaani pesa yako ya kujinunulia unachotaka, litoke siku ya mshahara, mwanzo kabisa, kabla ya akiba, na watu wa nyumbani walijue. Kwetu ni 1,000 yangu na 1,000 yake, kila mtu na kipochi chake. Ikitumika hakuna wa kumuuliza mwenzake, na wewe pia usijiulize. Ikiisha imeisha, ngoja mwezi mwingine. Mwezi wa tano linashuka mpaka 200, na 200 ni viazi vya karai na maji ya ukwaju na chenji, lakini haliwi sifuri, nasema tena haliwi sifuri, kwa sababu mimi niliweka sifuri na unaona sifuri ilivyonifanya. Na kitu ukikinunua kivae siku hiyohiyo, upite nacho mlangoni mama yako akikuona. Kama huwezi kupita nacho mlangoni, basi acha.

Bajeti sina maneno mengi. Kama wewe ni wa msimu kama wengi wetu, mshahara wa miezi tisa ugawe kwa kumi na mbili. 21,000 yako inakuwa 15,750 ya kutumia na 5,250 inangoja masika. Humo kwenye 15,750 ndimo utoe fungu la roho kwanza, umesikia, kwanza, si kile kitakachobaki, maanake hakibaki kitu.

Vile viatu vyangu nilivitoa kwa jirani mwezi wa nne 2020, havijagusa ardhi hata siku moja. Joto lilikuwa limekausha gundi, hatua ya kwanza pale kizingitini soli ikabanduka yote ikabaki nyuma yangu. Hivyo vyako vya 1,800 mwenye duka hajaviuza bado, nina hakika. Kesho pita kabla ya zamu uvichukue, uvivae kazini, na jioni uandike hapa mama yako amesemaje alipoviona.