Kwenda Busara na marafiki bila kurudi mahasimu

Mwaka 2019 tulikwenda Sauti za Busara watu sita, tukarudi Dar makundi matatu. Wawili walipanda boti ya asubuhi, watatu ya mchana, na mimi nikabaki Unguja siku moja zaidi kwa kisingizio cha kumsalimia shangazi, ambaye mpaka leo hana habari kwamba nilifika. Hatukugombania fedha wala mapenzi. Tuligombania nani asimame wapi, saa ngapi, amsikilize nani. Tulikuwa tumeapa kutembea pamoja kila mahali, na kiapo hicho ndicho kilichotuponza. Tangu hapo tumerudi mara mbili, watu wale wale, na sasa tunarudi tukicheka. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyabadilisha katikati.

Kwa ambaye hajawahi kufika: Sauti za Busara ni tamasha la muziki wa Afrika lililoanza 2004, na huwa mwezi wa Februari, Mji Mkongwe. Kitovu chake ni Ngome Kongwe, ile ngome waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Wanamuziki wanapiga laivu. Hakuna mtu kusimama na maiki huku CD inamwimbia. Ndani ya kuta kuna jukwaa kubwa uwanjani, na pembeni kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Hizo sehemu mbili zikumbuke, ugomvi wetu ulizaliwa katikati yake.

Mmoja wetu ni mgonjwa wa jazi. Ana sahani za santuri ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Alivuka bahari akiamini anakwenda kusikiliza saksafoni na watu waliofumba macho, akakuta ngoma, gitaa la umeme na vijana wa rapu. Usiku mzima ikawa "hii si jazi." Nilimkumbusha kwamba hata jazi za kwetu hazikuwa jazi anayoisema yeye. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: zote zilibeba jina hilo na zikapiga dansi, magitaa yakifukuzana na tarumbeta. Hakunielewa mpaka safari iliyofuata, alipowasikia Tarajazz, kundi la Unguja linalopika taarabu na jazi chungu kimoja. Safari hiyo alinyamaza mwenyewe. Kwa hiyo kabla hamjakata tiketi, kila mmoja aseme anakwenda kutafuta nini, kwa sababu mtu akisafiri na muziki wake kichwani atauona kila mwingine kuwa kelele.

Sasa usiku wenyewe wa Jumamosi ile. Tulitembea tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Mmoja akibanwa, sita tunapanga foleni ya choo. Na foleni ya choo cha tamasha, hasa ya wanawake, si ya dakika mbili. Tukiwa nje ya ule mlango, ukuta mzima ukatetemeka kwa wimbo ambao wawili wetu waliulipia nauli kuja kuusikia. Waliusikia wote, mwanzo mpaka mwisho, wakitazama mgongo wa mtu mwenye ndoo. Tuliporudi uwanjani hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Siku hiyo hiyo rafiki yetu anayepiga gitaa la besi kanisani alikuwa ameona kikundi cha kidumbaki. Kidumbaki ni kama mdogo wake taarabu, yule mtundu anayetoka kwenda harusini: fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na sanduku. Sanduku ni boksi la mbao limefunikwa, lina fimbo iliyosimama na uzi mmoja. Mpigaji aliweka mguu juu ya boksi, akaishika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akawa anaudonoa uzi. Akiivuta fimbo nyuma, sauti inapanda, akiilegeza, inazama. Basi. Hana alama za kumwonyesha noti iko wapi, anavuta kwa sikio. Na besi inatoka hapo, nene, inakugonga chini ya mbavu. Rafiki yetu alikuwa amepiga magoti kabisa, anamtazama yule baba vidole, na sisi tukamvuta shati: twende, twende, jukwaa kubwa wanaanza. Alikuja. Alituchukia wiki tatu.

Kanuni yetu ya sasa inasema hivi: tunasafiri pamoja, tunalala pamoja, asubuhi tunakunywa chai pamoja, lakini likifunguliwa geti la Ngome Kongwe kila mtu ana miguu yake. Mnaopenda kitu kimoja fuataneni, ila asivutwe mtu shati. Tuna nyakati mbili tu za kukutana kwa usiku, wa kwanza wa kula na wa pili wa kuondoka, na anayechelewa dakika 15 anaachwa aje na mwenzake. Hakuna anayeondoka peke yake usiku. Hiyo ya mwisho haina mjadala, hata kwa wanaume.

Mahali pa kukutania pachagueni mchana, wote mkiwa mmesimama hapo hapo. Msiseme "getini", getini kuna watu mia. Msitegemee simu pia, maana watu wakijaa mtandao unaelemewa, na ujumbe wa "niko kushoto kwa jukwaa" unafika saa saba usiku mkiwa mmelala. 2019 sisi tulikutania mbele ya Beit el Ajaib. Jumba lile sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tuliporudi tukakuta mabati. Sasa tunakutana Forodhani, ile bustani ya ufukweni, kwenye mti ambao siutaji, mtatujazia.

Kuhusu kusimama, nina jambo moja ambalo fundi mitambo mmoja alinifundisha na limenifaa kila tamasha. Watu wanabanana mbele wakidhani ndiko muziki ulipo. Mbele utaona jasho la mwimbaji, lakini spika zinakupita pembeni au zinakuziba masikio. Tafuta ile meza yenye vitufe ambako fundi anachanganya sauti, simama jirani nayo. Yeye anaurekebisha muziki kwa masikio yake pale alipo, kwa hiyo pale ndipo unaposikika sawa. Na kama mna mtu mwenye masikio mepesi, abebe vizibo vya masikio. Kuta za mawe zinarudisha sauti.

Wasanii wakubwa hupanda usiku mkubwa. Februari ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, jua kali na unyevu unaokulowanisha umekaa. Mwaka wa kwanza tulizunguka mchana kutwa, sokoni Darajani, baharini, picha kila mlango wenye nakshi, na saa nne usiku watatu walikuwa wamesinzia kwenye ngazi za mawe. Laleni mchana, bila aibu. Kitu pekee cha mchana nisichokikosa ni gwaride la ufunguzi likiwepo, kwa sababu ya beni, wale wapiga tarumbeta na ngoma wanaopita barabarani kama jeshi lililoamua kucheza harusi. Hata mgonjwa wetu wa jazi aliwafuata mpaka mwisho.

Malazi nitayapitia haraka. Mji Mkongwe wakati wa tamasha hujaa na bei hupaa. Sisi hulala Ng'ambo, upande wa Michenzani, kwenye yale mabloki marefu yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ama jirani nayo. Ni mwendo wa miguu, na asubuhi unapata chapati na maharage kwa bei ya watu. Tulipolala Mji Mkongwe, nyumba moja ya wageni ilituuzia vyumba vitatu, tulipofika vikawa viwili na godoro la ukumbini. Tangu hapo hatulipi pesa yote kabla ya kuona kitanda.

Tatizo la Ng'ambo ni kurudi usiku. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana vyote ukiwa umechoka. Usiku mmoja tulizunguka weee, tukamkuta mzee amekaa barazani na redio yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwaenda wapi saa hizi?"

"Michenzani, mzee."

Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa Michenzani mwaitafuta baharini? Ipeni mgongo bahari, mwende moja kwa moja. Mtatokea Darajani, hapo mtaona wenyewe."

Hatujapotea tena. Mji ule umekaa kama pembe tatu, bahari pande mbili na barabara ya Darajani upande wa tatu. Ukishika mwelekeo mmoja bila kubabaika, lazima utokee mahali. Na kwa kuwa ni mji wa watu, si ukumbi wa tamasha, vaeni vizuri mkipita mitaani: mabega na magoti yafunikwe. Dada zangu, kanga moja kwenye mkoba inatosha. Nimejifunika nayo kichochoroni, nimeikalia kwenye jiwe la moto, nimejitandia ndani ya boti yenye kiyoyozi cha kuua. Kaka zetu nao wasipite sokoni kifua wazi, tuliye naye mmoja tumemsema mpaka tumechoka.

Chakula cha Forodhani kina raha yake na kina mitego yake. Uliza bei kabla mshikaki haujaguswa, si baada. Pweza aliyepangwa mezani tangu magharibi, anayepashwa moto ukifika, mwache hapo hapo. Mwenzetu alimla, na usiku wa mwisho wa tamasha aliusikilizia chumbani akiwa na ndoo. Nenda uone mimi ninakokula: foleni ya wenyeji wanaosubiri urojo. Bakuli moja, bhajia zake, chachandu, kipande cha mshikaki juu, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Saa tano usiku hiyo inakusimamisha tena mpaka mwisho.

Sasa fedha. Tuna mweka hazina, na ni mhasibu kweli, kazini na rohoni. Kila mtu anamtumia kwa simu kila mwezi kuanzia Oktoba. Mchango unalipa vitu vitatu tu: boti, vyumba na tiketi za tamasha. Chakula na vinywaji kila mtu mfuko wake. Mwaka wa kwanza tulichanganya vyote, ikawa anayekula urojo anamlipia anayekula kamba wakubwa, na kimoyomoyo watu wanahesabu. Tiketi za tamasha Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho chake halisi. Hicho hicho utakihitaji kukata tiketi ya boti, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile la mtaani. Bandarini Dar kateni dirishani. Vijana watakuvamia kabla hujashuka kwenye bajaji, kila mmoja anajua njia ya mkato.

Msikimbilie kukata boti kabla programu rasmi haijatoka. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Halafu Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii inagusa Februari, kwa hiyo usidhani wikiendi ya mwaka jana ndiyo ya mwaka huu. Ikishatangazwa, hapo harakisheni, hasa tiketi ya kurudi. Jumatatu asubuhi kila mtu wa Dar anataka kuwahi kazini. Sisi tunaomba ruhusa ya Jumatatu, tunarudi mchana.

Bahari ya kaskazi ikiwa imechafuka, kwenda ndiko kunakotikisa zaidi, kwa sababu mnaelekea upepo unakotoka. Kaa chini, katikati au nyuma, usikae mbele juu ukapige picha. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia wengine. Mimi ninafumba macho na kuomba.

Kurudi ni shwari. Safari yetu ya mwisho tulikaa viti vya kukabiliana, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na cha kusimulia, maana hakuna aliyekuwa ameona usiku ule ule. Mgonjwa wa jazi alieleza fidla kwa mikono. Mpiga besi alikuwa amepata muda wake na mpiga sanduku, dakika arobaini hivi, mpaka yule baba akamwachia fimbo ajaribu. Alitoa sauti mbili za maana, nyingine kama mbuzi. Anasema mwaka huu anatengeneza la kwake, na ameshaniomba boksi.

Kwenye mchango zilibaki sh 14,000. Mhasibu bado anazo, na kila tukimuuliza anasema zinasubiri kikao.