Apdeti za Pemba Hazitumwi Alhamisi

Vijana wa aiti mlioingia kazini mwaka huu nawapenda, lakini mnanipandisha presha. Mtu anatuma apdeti kwa mashine zote, Unguja na Pemba kwa mkupuo, Alhamisi alasiri, kisha huyo anapanda vespa kwenda kula urojo. Kesho yake Ijumaa, saa sita watu wanafunga ofisi kwenda msikitini. Nani atakupokelea simu?

1. Apdeti za mwezi za Microsoft hutoka Jumanne ya pili, kwetu saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira ya Marekani. Jumatano anza na mashine yako mwenyewe, halafu chache za hapa mjini unazozifikia kwa miguu. Zikikaa siku kadhaa bila kelele, ndipo uvuke bahari. Mtaniambia usalama hausubiri. Sawa, lakini Julai 19, 2024, Ijumaa pia, faili bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilitoka saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, likaondolewa saa mbili na dakika 27. Microsoft ilikadiria Windows milioni 8.5 zilianguka. Kulitoa faili likawa jambo jepesi, kazi ikawa kuzifufua mashine, na nyingi zilitaka mtu asimame mbele yake.

2. BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Hapa nitakaa kidogo, maana makovu ninayo. Kampuni moja tuliyoihudumia ilikuwa na ofisi Wete, kule Pemba. Jioni moja nikazitumia laptopu zao BIOS mpya, nikasahau kusitisha kwanza BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski. Chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa kufuli hiyo, ikaona mwanzo wa mashine umebadilika, ikagoma kutoa ufunguo. Asubuhi kila laptopu imeamka na skrini ya buluu. Na programu yangu ya rimoti, ninayoingilia mashine nikiwa mbali, huanza Windows ikishawaka, si kabla! Akanipigia mhasibu wa pale, mtu mzima, sote tukimwita Bi Mkubwa.

"Mwanangu, kompyuta inataka namba."

"Nisomee, Bi Mkubwa."

"Nikusomee nini? Yenyewe ndiyo inayotaka kusomewa."

Nikamwomba kitambulisho cha ufunguo kilichoandikwa pale pale kwenye skrini, nipate kuutafuta ufunguo wa akiba wa mashine yake. Tukagombana: B ya boga au D ya dafu? Kisha ndiyo ufunguo wenyewe, tarakimu 48, mafungu manane ya sita sita, na laini inakatika kila tukifika katikati. Sita anaisikia saba. Bahati kila fungu lazima ligawanyike kwa 11, basi yeye anaandika nyuma ya kitabu cha risiti, ananisomea, mimi napiga kikokotoo. Likikataa, tunarudia fungu hilo tu. Tulipomaliza, mashine ikakataa. Kumbe NumLock, kitufe cha kuwasha namba za pembeni, imezimwa. Nikasikia anavuta pumzi, "Yakhe, wewe umesoma skuli gani?" Laptopu iliyofuata alinikatisha nisimweleze kitu: "Wacha maneno, taja namba." Akawafungulia wenzake wote, mimi nikiwa karani wake wa kusoma. Meneja alitaka nipande boti. Boti ya siku ile ilishaondoka.

Basi: sitisha BitLocker kwa riboti moja kabla ya kugusa BIOS, na hakikisha funguo zote zimehifadhiwa Active Directory au Entra, zile orodha kuu za Microsoft za mashine na watumiaji, kabla hujaanza, si baada.

3. BIOS haitumwi kwa mashine isiyo na yupiesi (lile boksi la umeme wa akiba) au betri iliyojaa. Umeme wetu mnaujua.

4. VPN, njia yetu ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kutoka mbali, usiiapdeti kupitia VPN hiyo hiyo kama huna njia ya pili ya kuingia.

5. Matawi yanayotumia bando, washa Delivery Optimization ya Windows, mashine moja ishushe na kuwagawia jirani zake. Mmeshasahau Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini? Apdeti iliyoshuka nusu tu siku ile ilikuwa adhabu.

6. Kila tawi, uwe na simu ya mtu anayekaa mbele ya mashine, si ya meneja. Meneja yuko kikaoni. Ukimpigia, msalimie vizuri, muulize wa nyumbani, ndipo umwombe ainame chini ya meza kutafuta waya. Jana nimemsikia mmoja wenu anaanza na "Zima, uwashe" kwa mama wa watu, hata hujambo hakuna. Akazima simu, na haki yake. Namba hizo ziandikeni kwenye karatasi. Mkiziweka kwenye seva, siku ikilala ndiyo mtazitafuta.