GPS haishiki pikipiki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Boxer 150 ya mkataba, naishi Mbagala, usiku nailaza uani. Jirani kaibiwa ya kwake juzi. Nimeambiwa nikifunga GPS yenye kuzima injini kwa simu nimemaliza. Ninunue ipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hujamaliza. Kwanza nunua mnyororo mnene wa chuma kigumu, uupitishe kwenye rimu ya nyuma na chesisi, uufunge kwenye chuma kilichomwagiwa zege hapo uani. Loku ya usukani peke yake haitoshi, inavunjwa kwa nguvu za mikono.

Kinachonikera ni mafundi wanaouza GPS kama kinga. Kifaa kile kinasoma setilaiti, kisha kinakutumia mahali kilipo kupitia laini ya simu iliyomo ndani yake. Bando likiisha, kimya. Pikipiki ikiingizwa kwenye kontena, kimya. Na kuzima injini kunamzuia anayeiwasha tu. Wezi wa uani hawaiwashi! Wanainyanyua wawili watatu, inapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo, wameondoka.

Halafu angalia inavyofungwa. Chini ya siti, kando ya betri, kazi ya dakika chache, fundi kachukua hela yake. Mwizi naye siti ndiyo anayoifungua kwanza. Akishakata waya, kifaa kisicho na betri ya ndani kimekufa. Wengine wanachuna waya wa swichi, wanausokota na kuuzungushia utepe basi. Masika ikianza maji yanaingia, na injini inakuzimikia Barabara ya Kilwa katikati ya malori. Hapo aliyekuumiza ni fundi, wala si mwizi. Ukifunga, dai kifaa chenye betri yake, kifichwe mbali na siti, waya ziunganishwe kwa kuchomelewa risasi, na asiizime mtu pikipiki ikiwa kwenye mwendo.

Nawaambia na wengine wote wenye GPS: ikiibiwa, kimbilia polisi ukate RB, yaani namba ya taarifa yako, ukiwa na nakala ya kadi ya pikipiki, namba ya chesisi na ya injini. Kama kadi bado ina jina la tajiri aliyekupa kwa mkataba, mpigie saa hiyohiyo. Msibebe vijana wa kijiweni kufuata alama kwenye ramani. Alama hiyo inapishana kwa mita kadhaa, na kwa nyumba zetu zilivyobanana, mita kadhaa ni mlango wa mtu asiyehusika. Watu wamepigwa hadi kufa mjini hapa kwa kuitiwa mwizi tu. Waacheni askari wagonge huo mlango.