Siku ya mvua si ya kila kazi: kwa wale mnaanza treni ndogo

Wale mnaanza hii mambo ya treni ndogo, zile za mfano za kujenga nyumbani, karibuni sana, na niwaambie mapema ndio msikuje kunilaumu: masika ikifika mtadhani mmepewa zawadi. Barabara imejaa maji, matatu zimepandisha nauli, bosi ametuma meseji kila mtu afanyie kazi nyumbani, na ule ubao wako wa reli uko pale chini ya kitanda unakuita. Mimi siku kama hizo nimeziharibu nyingi kabla nijue kuzitumia.

Ya kwanza nilipaka rangi. Behewa moja tu, nilikuwa nimelijenga miezi miwili, nikafunga dirisha ju mvua ilikuwa inaingia ndani, nikatoa rangi ya kupuliza nyekundu, nikapuliza vizuri kabisa. Kabla chai ipoe behewa limepauka kama miguu ya mtoto ametoka kuoga na hajapakwa mafuta. Ni unyevu huo. Rangi ya kupuliza ikianza kukauka inapoa, na maji yaliyo hewani yanatua juu yake, inabaki na ukungu mweupe. Na nyumba ilinuka siku tatu, mama watoto alisema maneno ambayo siyarudii hapa.

Shida moja ni kwamba ushauri mwingi tunasoma umeandikwa na watu wa Marekani na Kanada. Hao wakifungiwa na theluji wanashuka chini ya nyumba, hita imewaka, hewa imekauka kabisa, wanapaka gundi usiku na asubuhi wanaendelea. Mbao zao wakati huo zinasinyaa. Zetu Aprili zinavimba, na Julai, ile baridi yetu ya mawingu bila mvua, gundi ya mbao unaigusa kesho yake na bado inateleza. Kwa hivyo ukisoma mtu anakwambia "subiri saa 24", wewe ongeza siku, na plaiwudi yako ipake vanishi pande zote mbili kabla ya masika. Ukipaka juu peke yake, chini inaendelea kunywa maji na ubao unapinda kama chapati imesahauliwa kwa moto.

Basi mimi nikagawa kazi. Kupaka rangi, kukata mbao, kwenda Luthuli kutafuta nyaya na Gikomba kutafuta vipande vya plaiwudi, hizo ni za jua. Mvua naiwekea zile za kukaa kitako: kusafisha reli, kumenya nyaya, kutengeneza miti na kamba ya katani, kupanga kokoto za katikati ya reli.

Kokoto nitaongea kidogo ju ndio watu wanakosea sana. Mchanga wa kuwa kokoto unautafuta wakati wa jua, unauosha, unaukausha, unauchunga na kichungi cha chai (nunua chako, usichukue cha jikoni, naongea kwa uzoefu). Halafu funga sumaku kwa karatasi, upitishe juu ya mchanga wote, na udongo wetu mwekundu pia kama unautumia. Utaona sumaku imeota ndevu nyeusi. Hizo ni chembe za chuma, na ukiziacha zitanyonywa na sumaku ya mota iliyo ndani ya injini yako, siku moja itaanza kukwaruza hujui ni nini. Sasa siku ya mvua unakaa, unamwaga kokoto katikati ya mataruma (vile vipande vya kulala chini ya reli) kidogo kidogo, unazisukuma na brashi ya zamani mpaka hakuna hata moja imebaki juu ya taruma ama imeegemea reli kwa ndani. Mita moja inaweza kula asubuhi nzima. Ukimaliza nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, hiyo sabuni ndiyo inafanya maji yazame badala ya kujikunja juu ya mchanga kama vidonge, kisha dondosha gundi nyeupe uliyochanganya nusu kwa nusu na maji, na sirinji ya kemisti. Usiguse siku tatu. Najua utagusa.

Kusafisha reli ni kitambaa na spiriti, basi. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo na uchafu unapata mahali pa kukaa.

Kitu kingine ni stima. Mvua na stima mnajua hazipatani, na radi ikianza toa plagi, usingoje. Lakini kosa langu kubwa halikuwa la radi. Jumamosi moja mvua ilianza asubuhi, nikasema leo nabomoa kila kitu napanga upya, nikang'oa reli zote, nyaya zote, saa tano stima ikapotea. Nikabaki na skrubu kwa sahani na mishumaa miwili. Ule ubao ulikaa miezi saba bila treni hata moja kupita, ju kila nikiuona nilichoka kabla sijaanza. Siku hizi niko na kopo la aiskrimu, ndani kuna kazi moja na kila kitu chake: kama ni nyaya, ziko zimekatwa, waya wa kulehemu uko, mkasi uko. Mvua ikinyesha nafungua kopo. Na hakikisha kuna kazi nyingine ya akiba isiyotaka stima. Kulehemu pia kunataka dirisha wazi kwa sababu ya moshi, kwa hivyo kama upepo unaleta maji ndani, iache.

Na kabla ununue chochote, pima. Wengi wenu mnataka ile reli ya zamani iliyofika Nairobi 1899, lakini hiyo ni ya upana wa mita moja, na treni nyingi utakazopata ni za kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli ya upana wa milimita 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni sawa na SGR, ile reli mpya ya upana wa milimita 1,435. Mita moja kwa kipimo hicho inataka reli ya milimita 12, ni ngumu kupata na bei yake ni ya machozi. Mimi nilifumba jicho nikatumia 16.5. Siku ya jua pitia pale Railway Museum karibu na stesheni, usimame kando ya ile injini ya mvuke ya aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, ndio ujue ukubwa unaoongelea. Ni zaidi ya mita 31, yaani kwa ubao wako karibu sentimita 36, injini peke yake! Imeungwa kwa viungo viwili ndio ipinde kwenye kona, lakini ikipinda boila la katikati linaingia upande wa ndani wa kona. Kwa hivyo stesheni usiijenge hapo. Mimi niliijenga, na pembe ya paa lake iko kwa droo mpaka leo, inangoja mvua.