Fungua uangalie michango yako NSSF leo, usisubiri ufike miaka 60

Naandika hii kwa sababu ya mzee mmoja tuliyekuwa naye kiwandani, alikuwa analinda geti na wote tulikuwa tunamwita babu. Babu alipotimiza 60 akaenda zake NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaotulipa pensheni, na kitambulisho mkononi, hana wasiwasi kabisa, anajua amehangaika na malindo ya Dar miaka zaidi ya kumi na nane kwahiyo pensheni ya kila mwezi ipo. Wakafungua jina lake, michango iliyoingia ikaonekana ni ya miezi 171.

Kwa asiyejua, ili ulipwe pensheni kila mwezi mpaka siku unazikwa lazima uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Ukipungukiwa unapewa mkupuo mara moja basi, mmemalizana. Na hela ya mkupuo tunaijua wote, ikiingia tu ada inadaiwa, bati zinavuja, mgonjwa yuko hospitali, mwaka hauishi imekwisha. Babu kakosa miezi tisa tu! Na hiyo tisa alikatwa, kazini kwake kwa zamani walikuwa wanakata ila hawapeleki, halafu alikuwa analipwa dirishani anasaini kwenye daftari, karatasi hana hata moja.

Siku hiyohiyo usiku nikafungua ya kwangu kwenye simu. Niseme ukweli, nilikuwa na miaka sita kazini sijawahi kuangalia hata mara moja, nilikuwa naona makato kwenye slipu ya mshahara naridhika. Nikakuta miezi 14 hamna kitu, mwanya mmoja wa miezi mitano na mwingine wa tisa. Nilikaa kitandani nimeshika simu mpaka mke wangu akaniuliza kuna msiba gani.

Ndugu zangu, sheria iko wazi sana hapa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wewe ukikatwa isizidi 10, inayobaki anatoa mwajiri mwenyewe. Na anatakiwa awe amepeleka ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, yaani ya Februari mpaka mwisho wa Machi iwe imefika. Aprili ukiangalia haipo, uliza palepale, usimwonee mtu aibu, ni jasho lako.

Mimi nilianza na mtu wa HR, kwa heshima tu, akaniambia mfumo unasumbua. Nikasubiri mwezi, nikasubiri wa pili, mfumo bado unasumbua. Nikabeba slipu zangu zote, mkataba na kitambulisho cha taifa cha NIDA nikaenda ofisi ya NSSF, na wale wa NSSF walinisikiliza vizuri, wakachukua kopi, wakaanza kumfuatilia mwajiri. Haikuwa ya siku mbili, ilichukua miezi saba na ikaingia kwa mafungu mawili, lakini iliingia, na wenzangu kumi na kitu ambao nao walikuwa na mapengo bila kujua wakaingiziwa. Bila zile slipu nisingekuwa na la kusema. Kwahiyo usitupe slipu, ipige picha jitumie kwenye imeli.

Kuna watu wanalalamikia huu utaratibu wa mtandao, mimi naona ndo umetuokoa. Zamani mwajiri anajaza makaratasi anapeleka na hundi, wewe kujua kilichoingia mpaka uombe ruhusa kazini, ukapange foleni, na nani atakupa ruhusa ya kwenda kumchunguza? Siku hizi mwajiri anapeleka orodha kwenye mfumo, analipia kwa kontroo namba, na wewe unaona kwenye simu yako mwenyewe mwezi gani umeingia na kiasi gani. Angalia hicho kiasi pia. Kuna mabosi wanakulipa laki saba halafu kule wanaandika laki tatu. Na jina lifanane na la NIDA herufi kwa herufi, la kwangu HR alikuwa amelikosea, limenisumbua wiki tatu nzima.

Kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa pensheni, tumebishana sana vijiweni. Hata ukitimiza miezi, ukistaafu unapewa kwanza sehemu ya pensheni kwa mkupuo, na huo mkupuo wetu sisi wa NSSF ulitoka asilimia 25 ukawa 33 mwaka 2022, halafu kwenye bajeti ya 2024 ukapandishwa kuwa 35. Sawa, tubishane, ni haki yetu. Ila hesabu yenyewe inaanzia kwenye miezi: wanachukua miezi uliyochangia, wanagawa kwa 580, wanazidisha na wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Chukua mshahara wa laki saba, milioni 8.4 kwa mwaka. Miezi yangu 14 pale ni kama laki mbili za pensheni kila mwaka, kabla ya kutoa mkupuo, mpaka nife. Hiyo ndo hela mtu alikuwa ananinyima akisema mfumo unasumbua.

Na ukiacha kazi una miezi 140, 150, usikae tu, nenda uulize kuendelea kuchangia kwa hiari, ukiwa na genge au bodaboda bado inawezekana.

Babu hatujamwacha. Tumewatafuta wazee wawili waliolinda naye enzi hizo, mmoja alikuwa ameziweka slipu kwenye bati la biskuti, tukaenda nao NSSF kama mashahidi. Wiki iliyopita imeingia miezi sita. Bado mitatu, Jumatatu tunarudi naye tena.