Firigisi ya Baba

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia: "Hadithi zangu zinachekesha, lakini watu hawafiki mwisho. Nifanyeje?" Dada yangu, vichekesho unavyo. Unachokosa ni taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata.

Majuzi nilisoma hadithi yangu mbele ya watu Kisumu na, haya, acha nijisifu kidogo, hakuna aliyegusa simu. Kwetu Vihiga kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Katika hadithi, mtoto ameshaitafuna jikoni kabla wageni hawajaketi. Msomaji amemwona. Baba hajui.

Basi mtoto anajitolea kuwanawisha wageni. Anamwaga maji tone kwa tone, anarudia kidole kwa kidole, anamuuliza mjomba kama kucha nazo zimetakata. Mjomba anasema, "Shemeji, mtoto huyu umemlea." Baba anavimba kichwa: "Leo atakula na sisi hapa mezani." Ukumbi ulicheka, halafu kimya, maana sasa mtoto ataketi ubavuni mwa bakuli la kuku, lililofunikwa bado.

Siri ni hiyo. Mzaha ucheleweshe kifuniko kufunuliwa, au uongeze hatari. Mkumbuke Abunuwasi: anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria ndani yake, eti imezaa. Tunacheka, lakini tunajiuliza, mjanja huyu anagawa mali bure kwa nini? Swali hilo linatubeba hadi siku anapoleta habari za msiba, sufuria imefariki. Mwenye sufuria akibisha, anaulizwa: uliamini imezaa, mbona huamini imekufa?

Kuna mhariri aliyenirudishia hadithi hii na maneno mawili: "Haina mgogoro." Mgogoro! Baba amekamata kifuniko, mkono wa mtoto unatetemeka juu ya ugali, unataka mgogoro gani tena? Bado inaniuma, sifichi. Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, mwambieni msomaji mapema kile ambacho mhusika hajui. Anayekificha hadi mstari wa mwisho anavuna kicheko kimoja tu. Na mhusika asijue kwamba anachekesha. Mtoto yule hafanyi vituko, anaogopa kiboko. Akimkonyeza msomaji mara moja tu, hofu imekwisha.

Kisha kata bila huruma. Nilikuwa na jogoo aliyemfukuza katekista hadi kwenye migomba, mzuri ajabu, nilimpenda. Nikamtoa. Alipokuwa akikimbia, hakuna aliyewaza bakuli.